Keki ya Scotty

Raymond Carver, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 1988, husifiwa kwa ubahili wa maneno. Sifa hiyo si yake peke yake. Mhariri wake, Gordon Lish, alifyeka miswada ya mkusanyiko uliotoka 1981, hadithi nyingine zikabaki chini ya nusu. Kwa anayejifunza kuandika hiyo ni bahati, maana hadithi moja inasomeka kwa sura mbili: fupi ni "The Bath", ndefu, "A Small, Good Thing", Carver aliirudisha katika kitabu chake cha 1983.

Kisa ni kilekile. Mama anaagiza keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, Scotty. Siku yenyewe mtoto anagongwa na gari, analazwa hospitali, hazinduki. Mwokaji, asiyejua lolote, anapiga simu nyumbani kuulizia keki isiyochukuliwa.

Toleo fupi linakoma katikati ya simu, na linatisha kweli. Hata hivyo ufundi wa kubana maneno mimi nauona zaidi katika lile refu. Tazama mwanzo wake. Mwokaji anaandika oda, hana porojo. Mama anamtazama, mtu mzima wa umri wa baba yake, anajiwazia kwamba huyu bila shaka ana watoto, naye ameyapitia haya ya keki na sherehe. Wazo linapita hivihivi, kama mawazo ya yeyote aliyesimama kaunta.

Kurasa nyingi baadaye Scotty ameshafariki. Wazazi wanamvamia mwokaji usiku kwa hasira ya simu zake. Yeye anawakalisha, anawapa skonzi za mdalasini zilizotoka jikoni sasa hivi, na kahawa. Wakati wa kula Carver hachambui uchungu wa mama. Anatuambia tu kwamba amekula skonzi tatu. Kisha mwokaji anaeleza alivyoishi miaka yote bila mtoto.

Hapo mwandishi mwingine angetushika mkono aturudishe kaunta. Carver hagusi. Kwamba mama alikosea alipomdhania mzee huyu kuwa na watoto, hilo tunalijumlisha wenyewe, kama tulisoma mwanzo kwa makini.

Katika "The Bath" usiku huo wote umekatwa. Baada ya kuandika oda mwokaji kabaki sauti ya simu, na hakuna anayepata kujua kama ana watoto.