Anza Wanakotua

Mgeni akifika kwenye uwanja wa miruko ya skii, macho yake hukimbilia ule ukingo ambako watu hupaa. Fundi hushuka chini kuangalia wanakotua. Ukitaka kujua kama uwanja umejengwa na watu wanaoijua kazi, uwe Mammoth huko California au kwenye kilima cha mji mdogo, mfuate fundi.

Cha kwanza kupima ni pigo la kutua. Mont Hubbard wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ni miongoni mwa wahandisi walioligeuza pigo hilo kuwa kimo: ungeanguka wima kutoka juu kiasi gani ili uumie vivyo hivyo? Kinachoamua zaidi ni pembe. Mtu akitua kwa mwendo wa kilomita 43 kwa saa, na njia yake ya hewani ikakutana na mteremko kwa nyuzi 10, pigo lake ni la kuanguka sentimita 22 hivi. Kwa mwendo uleule, pembe ikiwa nyuzi 30, linafika mita 1.8. Ndiyo maana mruko mkubwa wenye mteremko mkali na mrefu huweza kuwa mpole kuliko kituta cha watoto kinachomwangusha mtu kwenye tambarare.

Kwa hiyo usiwatazame mabingwa, watazame wanaokosea. Aliyekuja na mwendo mdogo anaangukia wapi? Aliyezidisha je, bado ana mteremko chini yake, au umekwisha? Mwaka 2007 jopo la mahakama katika jimbo la Washington liliamua kijana aliyepooza baada ya mruko katika kituo kimoja cha skii alipwe takriban dola milioni 14. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa wenye vituo kusema kwamba miruko ni suala la mrukaji peke yake.

Kisha simama kando ya njia ya kurukia, uitazame kwa ubavu. Mita za mwisho kabla ya ukingo ziwe zimenyooka. Mkunjo ukiendelea hadi ncha kabisa, huweza kumpindua mtu kinyumenyume bila yeye kutaka, naye akatua kwa shingo. Ni kosa la reki na haraka, halionekani kwa mbali, na mimi ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Vyuma vya kutelezea havina mengi: ncha zisiwe kali, na pasiwe na pengo la kunasa ubao. Vibao vya kuonyesha ukubwa wa miruko, kuanzia S hadi XL, viwe mahali ambapo mtu bado anaweza kubadili nia.

Na ubunifu? Wengi huutafuta kwenye ukubwa au mapambo. Katika Olimpiki ya Beijing 2022, njia ya miruko huko Zhangjiakou ilipambwa kwa sura ya Ukuta Mkuu wa China, na kamera ziliipenda. Mimi navutiwa zaidi na viwanja kama Peace Park ya mteleza-ubao Danny Davis, ambamo mabonde, matuta na kuta za theluji vimeunganishwa hivi kwamba wateleza wawili wakianza pamoja hawafuati mstari mmoja. Hapo hata anayeanza ana la kuchagua, na asiyetaka kuruka hupita chini bila kuaibika. Kubuni kitu kidogo chenye njia nne ni kazi ngumu kuliko kurundika theluji kwa buldoza.

Mwisho, rudi mchana. Jua hulainisha theluji, mwendo hupungua, na mruko uliopimwa asubuhi huanza kuwaangusha watu kabla ya kuufikia mteremko. Usiku huganda, na kesho yake mwendo unazidi. Uwanja mzuri huwa na mfanyakazi anayeujaribu mruko mwenyewe kabla ya kuufungua. Nikikuta kamba imefunga mruko mkubwa saa nane mchana, jua likiwaka na wateja wakinung'unika, kituo hicho nakipa alama za juu.