Neno "Uzembe" na Wajibu wa Mwalimu

Neno "uzembe" limekwisha kuzoeleka katika mahakama za Tanzania. Dereva agongaye mtu hushtakiwa kwa uzembe, na mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameumia huulizwa kama alikuwa mzembe. Tangu mwaka 2021, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, uzito wa neno hilo umezidi, nalo lastahili kupimwa.

Katika maneno ya kila siku mzembe ni mvivu, mtu wa kulegalega, apuuzaye kazi. Hiyo ni sifa ya tabia. Sheria haiulizi tabia. Yauliza kama mtu alikuwa na wajibu kwa mwenzake, kama alipungukiwa na uangalifu ambao mtu wa busara angeutumia, na kama madhara yalitokana na upungufu huo. Mwalimu hodari kupita wote aweza kupungukiwa hivyo kwa saa moja tu.

Na ichukuliwe, kwa mfano, shule moja ya Simbo, wilayani Kigoma. Mwalimu awapeleka watoto sitini Ujiji, waone ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliokutana huko mwaka 1871. Kisha wateremka ufukweni, na mtoto mmoja azama ziwani. Baba yake akienda kuuliza ataambiwa kwamba mwalimu huyu si mzembe hata kidogo: hufika shuleni wa kwanza, huondoka wa mwisho. Ushuhuda huo waweza kuwa kweli tupu, wala hauhusu jambo lenyewe. La kuulizwa ni kama mtu mmoja aweza kuwatunza watoto sitini kando ya maji, na ni nani aliyemruhusu kwenda nao peke yake. Neno limekwisha kulifunga swali. Lililobaki ni kusema "ajali" au "kudra ya Mungu", na baba kurudi nyumbani.

Msemo wa "mwalimu ni mzazi wa pili" nao wahitaji kuangaliwa. Katika sheria ya Uingereza, ambayo Tanganyika iliipokea kwa tarehe ya 22 Julai 1920, ulinganisho huo ni kipimo cha wajibu. Katika shauri la Williams na Eady la mwaka 1893, ambamo mvulana aliunguzwa na fosforasi iliyowekwa shuleni, ilisemwa kwamba mwalimu apaswa kuwatunza wanafunzi kama baba mwangalifu awatunzavyo wanawe. Waswahili wengi, kinyume chake, huutumia msemo huo kutetea fimbo. Hata fimbo yenyewe ina mpaka: kanuni za mwaka 2002 zataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Wala baba hana watoto sitini; kwa sababu hiyo mwaka 1962 jaji mmoja wa Uingereza alikipanua kipimo kile, kiwe cha mzazi mwangalifu katika hali ya shule.

Wafasiri wengine huandika "wajibu wa uangalizi". Hapa pana kosa dogo lenye madhara makubwa. Uangalizi ni kazi ya msimamizi: mwalimu wa zamu aliyesimama uwanjani anautimiza hata akiwa na mawazo mengine. Uangalifu ni hali ya kutahadhari. Mzizi ni mmoja, lakini sheria yadai hili la pili, na kiambishi cha mwisho ndicho kinachoyatenga.

Yafaa basi kusema "wajibu wa uangalifu" na "kukosa uangalifu". Watu watalalamika kwamba ni maneno marefu, na kwamba "uzembe" umekwisha kuenea. Ni kweli umeenea. Lakini mzazi wa Simbo, ambaye huenda alijifunza Kiha kabla ya Kiswahili, akiulizwa mahakamani habari za uzembe ataona anatakiwa kumtukana mwalimu wa mwanawe, naye atanyamaza kwa heshima. Akiulizwa habari za uangalifu, ataeleza watoto walikuwa wangapi, na mwalimu alikuwa amesimama wapi.