Kompresa Inayozimika kwa Joto Mjini Johannesburg

Kompresa ya kiyoyozi inapozimika kila baada ya muda mfupi na kuwaka tena ikishapoa, kinachoizima mara nyingi ni kikatio cha joto, yaani swichi ndogo iliyowekwa kwenye nyaya za mota au juu ya gamba la kompresa, ambayo hukata umeme pindi joto au mkondo unapozidi kiwango. Swichi hiyo inatimiza wajibu wake, na fundi anayeunga waya ili kuiruka anaiondolea mota kinga yake ya mwisho na kuiacha iungue. Uchambuzi basi unapaswa kuanzia kwenye chanzo cha joto lenyewe, na mjini Johannesburg vyanzo hivyo vina sura ambayo fundi aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam huenda asiitarajie.

Jiji hilo liko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 83, ilhali pwani ni 101. Feni ya kifaa cha nje husukuma ujazo uleule wa hewa popote ilipo, lakini kwa kuwa hewa ya Johannesburg ni nyepesi zaidi kwa karibu asilimia 18, joto inaloweza kubeba kutoka kwenye koili hupungua, gesi hubaki na shinikizo kubwa, na kompresa inayosukuma dhidi ya shinikizo hilo huvuta mkondo mwingi zaidi. Kiangazi cha huko si kikali kama cha pwani, hivyo kifaa kilicho safi humudu upungufu huo. Tatizo hujitokeza koili inapoziba. Marundo ya mchanga wa machimbo ya dhahabu, hasa upande wa kusini wa jiji, hutoa vumbi jembamba linalopeperushwa na upepo wa Agosti hadi Oktoba, na mvua zinazofuata mara nyingine huja na mawe yanayolaza mapezi ya alumini. Kwa sababu hiyo koili huoshwa na mapezi kunyooshwa kabla geji hazijafungwa, kwa kuwa vipimo vinavyochukuliwa kwenye koili chafu humwelekeza fundi kwenye ubovu usiokuwepo.

Geji nazo zinadai uangalifu. Geji ya kawaida hupima shinikizo kwa kulilinganisha na hewa inayoizunguka, ilhali majedwali ya gesi huandikwa kwa kuzingatia usawa wa bahari. Anayejaza gesi mjini Johannesburg mpaka sindano ifike tarakimu ya jedwali huacha shinikizo halisi likiwa pungufu kwa kilopaskali 18. Kwa gesi ya R-22 kosa hilo ni takriban nyuzijoto 1 tu, lakini linaelekea upande mbaya, kwani katika kompresa nyingi za pistoni na za mzunguko-konokono ni gesi baridi inayorudi ndiyo inayoipoza mota, na gesi ikipungua mota hukosa upoozaji. Vilevile, wakati wa kuondoa hewa kwenye mabomba, sindano haiwezi kupita inchi 24.5 hivi za zebaki, hata pampu ikiwa nzima kabisa. Pwani ingekaribia 30.

Upande wa umeme umeacha madhara makubwa zaidi. Mgao wa umeme wa shirika la Eskom, ulioanza kuwa wa kitaifa mwishoni mwa 2007 na kufikia kiwango kibaya mno mwaka 2023, ulizoesha vifaa kuzimwa na kuwashwa ghafla. Umeme unaporudi mapema mno, shinikizo la pande mbili za mfumo bado halijasawazika, mota hushindwa kuzunguka, na mkondo hupanda mara kadhaa kuliko ule wa kawaida mpaka kikatio kifunguke. Kifaa cha kuchelewesha uwakaji kwa dakika 3 hadi 5 huzuia jambo hilo. Kapasita iliyochoka huleta dalili zilezile, kwa hiyo hupimwa mapema, baada ya umeme kukatwa na chaji yake kuondolewa, huku voltija, ambayo Afrika Kusini ni 230, ikisomwa kwenye vituo vya kompresa wakati inapojaribu kuwaka, si kwenye soketi tu.

Hukumu ya kwamba kompresa imekufa hutolewa kwa haraka kupita kiasi. Ikiwa mita inaonyesha njia kati ya kituo cha kuwashia na kituo cha kuendeshea, lakini hakuna njia kutoka kituo cha pamoja kwenda chochote kati ya hivyo viwili, yaelekea kikatio cha ndani bado kimefunguka, na gamba lililopata moto huweza kuchukua zaidi ya saa moja kupoa. Upimaji hurudiwa baada ya gamba kupoa kabisa, na njia zote tatu zikipatikana, huku upinzani wa njia ndefu ukilingana na jumla ya zile fupi mbili, na pasipo njia yoyote ya kwenda kwenye gamba, hakuna msingi wa kumwambia mwenye nyumba anunue kompresa mpya.