Pongezi kwa Wahudumu wa Kambi za Talek

Sisi wa Nyamiaga, Tanzania, tunaoujua mto Ruvubu unavyovimba masika kabla ya kukutana na Kagera pale Rusumo, hatuna budi kuwavulia kofia wenzetu wa Talek, Masai Mara, Kenya.

Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake ukazamisha kambi zaidi ya kumi. Watalii na wafanyakazi waliokolewa, wengine kwa helikopta. Magazeti yaliandika habari za wageni. Waliobaki na tope ni wafagiaji, wapishi na walinzi.

Na tope la mto si vumbi. Linaingia kwenye droo, kwenye soketi, chini ya vigae vya bafu. Godoro la sponji likishalowa maji hayo halifai kuanikwa, ni la kutupwa. Shuka hufuliwa, zikasuuzwa, zikafuliwa tena, na bado harufu inabaki. Kazi hiyo yote hufanyika wakati hakuna mgeni hata mmoja wa kulipa, huku nyumbu wakitarajiwa kuanzia Julai. Mwenye kambi ndogo anayeendelea kulipa mishahara miezi hiyo anastahili sifa kuliko hoteli yoyote ya nyota tano.

Sifa hizo hazifuti kosa la kujenga ukingoni mwa mto. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Ewe unayepanga kujenga gesti kando ya Ruvubu, pima kwanza.