Kisa cha Nafsi Mbele ya Hadhira Inayokijua: Tundu Lissu na Mipaka ya Ushuhuda

Wahakiki wa balagha wanakubaliana kwamba kisa cha msemaji mwenyewe huvuta masikio. Kisichojadiliwa vya kutosha ni hali ya kisa ambacho hadhira imekwisha kukijua. Mfano ni wa Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi mkoani Singida, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Singida Mashariki mwaka 2010. Alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na kisha Ubelgiji, akarejea nchini Julai 2020 na kugombea urais.

Januari 2019 Lissu alihojiwa na BBC katika kipindi cha HARDtalk. Kwa watazamaji wengi wa ughaibuni tukio lenyewe lilikuwa habari. Bila mahali, tarehe na majeraha, hoja yake juu ya siasa za Tanzania ingekosa mguu wa kusimamia. Mkutano wa hadhara Ikungi ni hadhira nyingine. Hapo idadi ya risasi haiongezi maarifa, huongeza huruma. Nayo huruma ikizidi huufunga mjadala, kwa kuwa anayepinga hoja huonekana anabeza majeraha. Kwa hadhira hiyo kisa hufanya kazi kinapozaa swali linalomgusa kila msikilizaji. Hadi kampeni za 2020 hakuna aliyekuwa amefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo. Ikiwa hivyo kwa mbunge, mkulima wa alizeti asiyejulikana atarajie uchunguzi gani?

Mhubiri naye hukabiliwa na tatizo hilohilo, na Matendo ya Mitume yana kielelezo. Paulo anasimulia wongofu wake mbele ya umati wa Yerusalemu (sura ya 22) na mbele ya Mfalme Agripa (sura ya 26). Kwa umati anamtaja Anania, mcha Mungu aliyeshuhudiwa wema na Wayahudi. Kwa Agripa Anania hatajwi, na uzito unahamia kwenye kutumwa kwa Mataifa. Tukio ni lilelile, ila kila hadhira imepewa sehemu inayoihitaji.

Uhakiki huu unapendekeza kipimo kimoja: kisa kiondolewe, kisha hoja itazamwe. Ikianguka, msemaji alikuwa akijihubiri mwenyewe. Ikibaki imesimama, lakini imepoteza sura ya binadamu, kisa kilikuwa mahali pake.