Kuusoma Mwili Unaocheza

Anayetazama ngoma bila mafunzo huwa na maneno mawili matatu: wamecheza vizuri, wana nguvu, wamependeza. Maneno hayo yanaeleza jinsi mtazamaji alivyofurahi. Kuhusu mchezaji hayasemi kitu. Wapo watu wanaotumia miaka kujifunza kuyaweka kando ili waulize swali jingine: mwili huu unaendaje? Kazi yao haipigiwi makofi, nami naihesabu miongoni mwa fani zinazostahili heshima kubwa katika sanaa zote.

Aliyeipa fani hiyo utaratibu ni Rudolf Laban, mzaliwa wa Bratislava mwaka 1879, enzi za Milki ya Austria na Hungaria. Mwaka 1928 alichapisha mfumo wa kuandika miondoko, kwa namna ambayo wanamuziki huandika nota. Ukurasa wake husomwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa katikati unatenga kushoto na kulia kwa mwili. Umbo la alama linaonyesha upande ambao kiungo kinaelekea, na urefu wake unaonyesha muda wa mwondoko. Alama iliyojazwa wino ni ya kimo cha chini, yenye nukta ni ya kati, yenye mistari ni ya juu. Kurasa za namna hiyo zimeufanya mchezo wa mwanafunzi wake Kurt Jooss, The Green Table wa mwaka 1932, uweze kuchezwa tena na watu ambao hawakuwahi kumwona mtunzi.

Lakini watu wawili wanaweza kuinua mkono ule ule, kwa kimo kile kile, kwa mapigo manne yale yale, mmoja akawa anabembeleza na mwingine anatisha. Mahali mkono ulipokwenda hapatoshi. Inabaki namna ulivyokwenda. Swali hilo Laban alilifuatilia mpaka Uingereza, alikofika mwaka 1938 baada ya Wanazi, ambao awali aliwafanyia kazi, kumgeuka. Wakati wa vita aliingia viwandani pamoja na F. C. Lawrence, mshauri wa mambo ya viwanda, akawachunguza wafanyakazi, wakiwemo wanawake waliokuwa wameshika kazi za wanaume. Mwaka 1947 wawili hao wakatoa kitabu chao, Effort. Kwangu hili ni jambo kubwa: vipimo vinavyotumiwa leo kueleza dansi vilikomaa mbele ya watu wanaonyanyua mizigo.

Vipimo vyenyewe ni vinne. Uzito: mchezaji anaukandamiza mwili kwa nguvu, au anaupunguza hadi uonekane haukanyagi? Muda: mwondoko unafyatuka au unavutwa? Huu si mwendo wa ngoma, maana mtu anaweza kuwa katikati ya midundo ya haraka na bado akaivuta kila hatua bila pupa. Nafasi: viungo vinalenga mahali pamoja au vinazungukia huku na huku? Mtiririko: mwondoko umeachiliwa au umezuiwa? Ukichanganya vitatu vya kwanza unapata vitendo vinane, ambavyo Laban alivipa majina ya mambo ya kila siku. Kukamua ni nguvu, utaratibu na mzunguko. Kupiga ngumi ni nguvu, ghafla na shabaha. Sasa iondoe nguvu kwenye ngumi hiyo, weka wepesi, usiguse kingine chochote: imebaki ncha ya kidole inayodonoa na kuondoka.

Chukua goma la Lamu. Wanaume wamejipanga safu, wamevaa kanzu na kofia, bakora mkononi. Asiyejua atasema hawachezi, wamesimama tu. Anayejua kutazama ataanza na bakora: haifyatuki, inapanda kidogo kidogo. Atashuka kwenye bega, aone kama limekaza au limetulia. Kisha atajiuliza jambo linalofichua mtiririko kuliko jingine lolote: je, mwondoko huu ungeweza kusimamishwa sasa hivi, popote ulipofika, bila mchezaji kuyumba? Katika goma jibu ni ndiyo. Heshima tunayoihisi mbele ya safu ile inatokana na hilo, kwamba kila mmoja ameushika mwondoko wake muda wote na hakuna unaomponyoka.

Bugobogobo ya Wasukuma inalipa swali hilo jibu la kinyume. Wachezaji wana majembe, kwa sababu ngoma hii ilizaliwa shambani. Jembe linainuliwa, linashushwa pamoja na ngoma, linarushwa hewani, linazunguka, linadakwa. Likishatoka mkononi hakuna wa kulirudisha, hivyo mwili mzima lazima uachie. Jicho jipya hufuata jembe. Jicho lililozoea hubaki kwa mchezaji, kwenye ile nafasi fupi kati ya kurusha na kudaka, pale magoti na mgongo vinapopumzika ili kupata nguvu nyingine. Laban alisisitiza sana zamu hii ya kujituma na kujirudishia nguvu, na wakulima wa Usukuma waliifahamu miilini mwao bila kumhitaji.

Ufundi huu haujifunzwi kwa macho peke yake. Mwanafunzi hutazama mara ya kwanza kwa ajili ya uzito tu, mara ya pili kwa ajili ya muda tu, na kila mara anaandika vitenzi, si sifa. Hili la vitenzi ni gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa sifa hutangulia ulimini. Na wawili wanapotofautiana, mmoja akisema hatua ni nzito na mwenzake akisema ni nyepesi, njia iliyo bora ni kuinuka na kuicheza: kila mmoja aicheze kama mwenzake alivyoiandika. Mara nyingi inaonekana kwamba wote waliona sawasawa. Mguu ulitua kwa uzito, kifua kikabaki chepesi juu yake, na kila mmoja alikuwa ametazama nusu ya mwili. Basi wanafuta na kuandika upya, safari hii mguu na kifua kila kimoja na mstari wake.