Tazama Miguu Kwanza: Namna ya Kuijua Kung Fu Nzuri

Kung fu ina watazamaji wengi na wajuzi wachache. Watazamaji hujipanga upande ambao teke linaonekana vizuri. Mjuzi hutafuta mahali pa kuonea vifundo vya miguu, na kabla kijana hajarusha pigo la kwanza keshajua kama huyu amefundishwa au anaigiza filamu. Maelezo haya ni ya mzazi, kijana au mpita njia wa hapa Mtendeni anayekuta vijana wakijifua alasiri, akataka kujua: hawa wana kitu, au wanamwaga jasho tu?

Bahati yetu watu wa Tabora ni udongo. Kiangazi, toka Mei mpaka Oktoba, ardhi hukauka ikawa kichanga na vumbi, na anayefanya mazoezi juu ya vumbi hana pa kujificha. Sakafu na zulia humstiri mtu. Subiri kijana amalize mfuatano mmoja wa mapigo (vijana wengi huuita kwa jina la Kijapani, kata, na sioni sababu ya kugombana nao). Akienda kunywa maji, sogea usome chini.

Mifuatano mingi ya kale ya Kichina imepangwa hivi kwamba anayeicheza huishia pale pale alipoanzia, au karibu sana. Kijana akiishia hatua tatu mbele, hatua zake hazilingani: za kulia ndefu, za kushoto fupi, au aliteleza alipogeuka akajazia bila kujijua. Tafuta alama za kugeukia. Aliyegeuka sawasawa huacha duara dogo lenye kingo safi; aliyeburuta mguu huacha mfereji. Kisha angalia mkao wa upinde, ambao Wachina huuita gongbu: goti la mbele limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka, unyayo wa nyuma umelala chini wote. Ukiona alama ya vidole tu na kisigino hakimo, ngumi iliyotoka hapo ilikuwa ya mkono peke yake. Ardhi haikumsaidia kitu. Wakati wa mvua tope huandika hayo hayo kwa herufi kubwa zaidi, ila ni wachache wanaotoka kufanya mazoezi, na hao wanaotoka wahesabie alama za ziada.

Baada ya nyayo, tazama kusimama. Darasa zuri halikosi kipindi kisichovutia hata kidogo: watu wamesimama mkao wa farasi, mabu, kimya, na hakuna kinachotokea. Miguu imepanuliwa kupita mabega, mapaja yameshuka kukaribia kulala sambamba na ardhi, mgongo umenyooka, pumzi inapita puani. Mgeni huchoka kutazama akaondoka, na hapo ndipo anapokosa uhondo wenyewe. Magoti yaelekee vidole vinakoelekea. Yakianza kuingia ndani, mwalimu aseme papo hapo, maana goti linaloumia namna hiyo humfuata mtu mpaka uzeeni. Makalio yasibinuke. Mabega yashuke. Anayeanza hukunja uso. Aliyezoea kidogo hukaza meno. Aliyekomaa utadhani anamngoja mtu kituoni.

Mapaja yatatetemeka, na kutetemeka si aibu. Tofauti iko kwenye linalofuata. Mmoja huinuka kidogo kidogo, akidhani hakuna anayemwona. Mwingine huinuka wazi, akanyoosha miguu, akavuta pumzi, akashuka tena mpaka chini. Mimi huyu wa pili nampa nafasi ya kwanza darasa zima, hata kama alidumu muda mfupi kuliko wenzake. Ameshaanza kuwa mkweli kwa mwili wake, na bila ukweli huo hakuna atakachojifunza baadaye.

Mji huu una historia ndefu ya kumpima mtu kwa miguu. Karne ya 19 mpagazi alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei, akatembea nao kati ya Unyanyembe, yaani hapa hapa Tabora, na Bagamoyo ya pwani, safari ya kilomita zipatazo mia nane. Walioandika habari za misafara ile wanaeleza kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mtu mzima mpaka awe amekwenda pwani akarudi. Naamini kiongozi wa msafara wa zamani angemwelewa vizuri mwalimu anayewasimamisha wanafunzi wapya miezi kadhaa kabla ya kuwapa pigo la maana. Wazazi wa leo, waliolipa ada, ndio wasiomwelewa.

Sasa teke, maana najua ndilo lililokuvuta. Bruce Lee alifariki Julai 20, 1973, na Enter the Dragon ikatoka mwezi uliofuata. Filamu za Hong Kong zikaingia kwenye majumba ya sinema ya Afrika Mashariki, zikahamia kwenye kanda za video, zikaishia vibanda umiza, ambako watafsiri kama Lufufu walizigeuza Kiswahili kwa vichekesho vyao. Tumelishwa teke la juu miaka hamsini. Lakini urefu wa teke ni unyumbufu wa nyonga, na mtu anaweza kupiga msamba safi asijue kujilinda na mtoto wa darasa la tano. Angalia teke linavyorudi. Zuri hurudi kwenye goti kwanza, kisha mguu hutua pale mwenyewe alipokusudia. Baya humwangusha mbele kama gunia la karanga, mikono ikiwa imepotea kiunoni. Kisigino cha mguu uliobaki chini nacho kisipepesuke. Yatosha.

Maonyesho ya sikukuu yana elimu yake, na hapa inafaa kuwa mgumu kidogo. Ukiambiwa kijana atavunja matofali kwa kiganja, omba ruhusa uligonge tofali moja kwa kidole au kwa jiwe dogo. Tofali la kuchoma lililoiva hulia kwa sauti kali. Lisiloiva hutoa mlio mfu, na hilo hata mimi nitalivunja. Angalia kama wameweka vijiti katikati ya tofali na tofali. Yaliyotenganishwa hivyo huvunjika moja moja. Yaliyobanana ni habari nyingine kabisa. Ubao nao hupasuka kirahisi ukipigwa kufuata nyuzi zake. Na yule anayelala chini, akawekewa jiwe kubwa kifuani, mwenzake akalipiga kwa nyundo: kadiri jiwe linavyokuwa zito ndivyo pigo linavyoishia jiweni badala ya kufika mwilini. Kitanda cha misumari ni hesabu hiyo hiyo ya uzito kugawanywa. Misumari mia inabeba kile ambacho mmoja ungekichoma. Siwavunjii vijana biashara. Kulala chini ya nyundo ya rafiki yako kunataka moyo. Ila moyo ni kitu kimoja na ufundi ni kingine, na shangwe za sikukuu huvichanganya.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni wawili wanaofanya mazoezi pamoja wakiwa hawalingani: mkubwa na mdogo, wa siku nyingi na mgeni. Tazama pigo la mkubwa linasimama wapi. Likiwa na ufundi hugusa fulana likaishia hapo; kitambaa kinatikisika, kifua hakisukumwi. Likisimama mbali, shibiri nzima, ujue hawajazoea kukaribiana, na mazoezi yao ni ngoma. Likitua kwa nguvu na mgeni akashika ubavu, angalia uso wa mwalimu kabla hujaangalia wa mgeni. Halafu subiri mtama. Mtu yeyote wa mitaani anaweza kumpiga mwenzake mtama. Aliyefundishwa hukata mguu huku ameshika mkono wa mwenzake, akamshusha chini badala ya kumwachia aanguke. Mkono huo unaobaki umeshika ni darasa zima. Ukiuona kwa vijana watatu tofauti, wa umri tofauti, hapo pana mwalimu.

Kuhusu mwalimu mwenyewe, mkanda usikutishe wala usikuvute. Mikanda ya rangi ni urithi wa judo ya Japani. Kung fu ya kale haikuwa nayo, na China yenyewe imeweka ngazi zake rasmi, tisa kwa jumla, miaka ya mwisho ya 1990 tu. Usishangae pia kumsikia masta wa kung fu akiitwa sensei. Karate ina mizizi ya muda mrefu nchini: miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alikuwa akifundisha mtindo wa Goju-ryu pale Zanaki, Dar es Salaam, na lugha ya karate imeenea katika kila kiwanja cha mapambano. Muulize mwalimu nani alimfundisha. Aliye safi atakutajia watu, na mara nyingi ataongeza asichokijua: kwamba fimbo aliisoma vizuri, panga hakulimaliza. Anayedai kujua mitindo kumi na wanyama wote wa porini, mshukuru kwa maelezo, uende zako. Muulize pia hufanya nini mtoto akiumia goti. Jibu sahihi linaanza na kupumzika. Na anayechapa wanafunzi kwa fimbo ya mazoezi hajui kazi ya fimbo.

Fika mapema kabla ya darasa uone jambo dogo ambalo wengi hulipita. Kiwanja kimefagiwa na nani? Penye malezi, wanafunzi wa zamani ndio wanaookota chupa, vioo na mawe, wageni wanasaidia. Penye jina tu, wageni wanafagia na wakubwa wamekaa kivulini chini ya mwembe wakichezea simu.

Yaliyobaki utayaona nyumbani na barabarani, kwa sababu mwili uliofundishwa haujui kwamba mazoezi yameisha. Kijana anayeinua ndoo ya maji kwa kukunja magoti, ndoo karibu na mwili, mgongo umenyooka, amebeba somo la mkao wa farasi mpaka bombani bila kuambiwa. Bodaboda ikimkata mbele, husogea nusu hatua akaendelea na mazungumzo yake. Akisukumwa sokoni, hatangulizi kifua; hutazama mikono ya aliyemsukuma, halafu uso, halafu huamua kwamba halina uzito. Jirani yangu mmoja aliwahi kuingiwa na wasiwasi kwamba mwanawe anaumwa, maana alikuwa ameacha kuwapiga wadogo zake na alikuwa akiamkia watu bila kukumbushwa. Kinyume chake pia kipo: kijana ambaye tangu aanze mazoezi anarusha mateke kwenye milango, anawafanyia kabali watoto wa watu, anatembea mabega juu. Hapo usimlaumu mtoto kwanza. Rudi kiwanjani ukamtazame mwalimu upya.

Basi, ukiwa na mtoto wa kupeleka, usichague siku ya maonyesho. Nenda siku ya kawaida katikati ya wiki, salimia, omba ruhusa ya kukaa, na ukae mpaka wamalize. Jua la Tabora huzama kuelekea saa moja, kwa hiyo muda unao. Mwalimu asiyetaka mzazi atazame, usimwachie mtoto. Anayekuruhusu, soma vumbi lake, mtazame anayeinuka wazi na mkono unaobaki umeshika. Ukiridhika, uliza ada.